Pointi za Mjomba na Kete za Bibi

Mjomba wangu ni tajiri, ila utajiri wake haushikiki. Ukimwomba nauli ya kwenda mjini atapapasa mifuko yote mpaka wa shati, atatoa kalamu ya hoteli na pipi ya kwenye ndege, aseme, "Chukua pipi, inazibua masikio." Lakini muulize ana pointi ngapi za safari! Uso unang'aa kama bati jipya. Anatoa simu, anapangusa kioo kwa mkono wa shati, anakuonyesha tarakimu ndefu kama namba ya injini.

Kazi yake ni fundi wa lifti. Jengo likirefuka kuliko magoti ya watu yanavyoweza kuvumilia, iwe nchi hii au nyingine, kampuni inamtuma yeye akafunge lifti. Leo anaruka, kesho anatua, keshokutwa analala hotelini. Akiruka, shirika la ndege linampa pointi. Akilala, hoteli inampa pointi. Zikijaa unazibadilisha kwa tiketi ya bure au chumba cha bure. Ndivyo wanavyosema. Mjomba hajawahi kubadilisha hata moja. Zimekaa tu, kama vile vyombo vya kabatini vinavyomsubiri mgeni ambaye hajazaliwa.

"Natafuta daraja la kwanza," hutuambia. "Kile kiti kinachogeuka kitanda. Nimpeleke Mama safari moja ya heshima, siyo kumbana kule nyuma jirani na choo. Bado kidogo."

Basi nyumbani tunamwita Bado Kidogo. Miaka nenda miaka rudi, akikaribia tu, shirika linapandisha bei ya kiti hicho, naye anajifunga kibwebwe kuanza upya. Siku moja nilimwambia, "Mjomba, unalifukuzia goli lenye magurudumu." Alinitazama kama mtu aliyesikia mbuzi akikohoa.

Sabuni za hoteli nazo kazijaza droo tatu, zimefungwa karatasi zao, zinanukia maua. Sisi bafuni tunaogea kipande cha sabuni ya kufulia. Na mwaka juzi pointi za hoteli moja zilimfia kwa sababu hakuzigusa muda mrefu. Hakula chakula cha jioni. Jirani alipoona nyumba imepoa vile, akaja kuuliza mazishi ni lini.

Sasa huyo Mama anayetafutiwa kitanda cha angani ni Bibi yangu, na Bibi hakuwahi kuomba kitanda.

Bibi alikuwa opereta wa simu, enzi zile ukitaka kuongea na mtu wa nchi nyingine ni lazima opereta achomeke waya huku, mwenzake wa upande wa pili achomeke kule. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa "Subiri, nakuunganisha." Husema mwenyewe, "Nimewafikisha watu dunia nzima, mimi sijafika hata uwanja wa ndege." Ananiita "mke mwenzangu", maana Babu, alipokuwa hai, alimtangazia kila mtu kwamba mimi ndiye mke wake mdogo, na Bibi hajasamehe.

Upande wa pili wa waya wake alikaa mwanamke mmoja ambaye Bibi hakupata kumjua jina. Sheria za kazi hazikuruhusu porojo. Alimjua kwa laini yake tu: Laini Tisa. Lakini sheria haikusema neno kuhusu drafti. Simu zikipoa, kila mmoja alipanga vifuniko vya soda kwenye ubao wake, wakazipa nyumba za ubao namba, wakawa wanacheza kwa mdomo. "Kumi na nne kwenda kumi na nane." "Nimekula, dada, shika tama." Walicheza hivyo miaka na miaka, wakitukanana kwa adabu, bila kuonana sura.

Halafu ikaja mitambo inayojiunganisha yenyewe. Chumba cha swichibodi kikafungwa asubuhi moja, mafundi wakang'oa nyaya katikati ya mchezo. Kuhusu kupoteza kazi Bibi hasemi sana. Kinachomuuma ni kingine.

"Walikata ikiwa zamu yangu," husema mpaka leo. "Zamu yangu, mke mwenzangu! Na nilikuwa nimeshaona pa kucheza."

Mimi nafanya kazi duka la steshenari: fotokopi, kuchapa barua, kulamineti vyeti vya watu. Bibi hupenda kuja kukaa kwenye kiti cha wateja na kuwasahihisha wanaoongea na simu kwa kupiga kelele. Siku hiyo simu yake ikalia. Ilikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwenye kundi la maopereta wastaafu, ambalo mjukuu wa mmoja wao alilianzisha. Nikaubonyeza.

"Halo, halo," ikasema sauti nene kama tarumbeta. "Ng'ambo, mnanisikia? Hapa Laini Tisa. Zamu bado ni yako."

Bibi alisimama wima, mkono sikioni, kama aliyevaa tena zile spika za masikioni za kazini. Mteja wangu akadhani ni wimbo wa taifa, naye akasimama.

Ujumbe uliendelea: mwezi ujao kwao kuna mashindano ya drafti ya wastaafu. Malazi na chakula juu yao, kwenye bweni la shule moja. Nauli juu yako. "Njoo mwaka huu," akamaliza Laini Tisa. "Mwakani sijui kama waya wangu utakuwa mzima."

Nauli ile hata ungeuza duka letu pamoja na mimi isingetimia. Lakini nyumbani si tuna tajiri? Tukamsubiri Mjomba atoke kazini, Bibi akamweka kiti, mimi nikamletea maji ya baridi bila kuombwa, jambo lililomtia wasiwasi papo hapo.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akakuna kidevu.

"Mama, pointi zipo. Lakini zinatosha viti vya nyuma tu. Nivumilie mwaka mmoja, nikuweke mbele, unyooshe miguu."

"Mwaka mmoja!" Bibi akasema. "Mwanangu, umri huu daktari akiniambia tuonane mwakani, namshukuru kwa matumaini yake."

"Mjomba," nikaingilia, "si umeletewa taarifa kwamba mwisho wa mwezi huu tiketi zote zinapanda bei? Hizo zinazotosha leo, wiki mbili zijazo hazitatosha hata hicho kiti cha nyuma."

"Ndiyo maana lazima nikusanye zaidi!"

Nikamtazama Bibi, Bibi akatazama dari.

"Mama, nitakupeleka," Mjomba akasema kwa upole, na niliona kwamba anamaanisha. Ndilo lililokuwa balaa lenyewe. Angekuwa bahili wa kawaida tungemsema mpaka ajikunje. Huyu alikuwa anamnyima mama yake safari kwa kumpenda. "Nataka ukae kama malkia. Bado kidogo tu."

Bibi hakubishana. Aliinuka akaenda jikoni kuchambua mchele. Nilipomfuata, alikuwa anatoa chuya moja moja, polepole, kama kete zilizoliwa.

"Umalkia siutaki," akaniambia bila kuinua kichwa. "Nataka zamu yangu."

Sasa mimi Mjomba namjua. Ukimsihi hasikii, ukimlilia anakupa pipi. Lakini kuna kitu kimoja duniani ambacho hajawahi kukipita bila kusimama: ofa. Mjomba akiona neno "ofa" hata kwenye duka la majeneza atauliza masharti. Kesho yake dukani nikakaa kwenye kompyuta, nikachagua herufi nyekundu na njano zinazoumiza macho, nikachapa, nikalamineti, jioni nikabandika kwenye mlango wa friji.

OFA MAALUMU KWA MTEJA WETU MWAMINIFU! Cheza drafti na mama yako mzazi, yeye aanze akiwa amepungukiwa KETE NNE! Ukishinda, mama hatataja safari mpaka ufikie daraja la kwanza. Ukishindwa, unakata tiketi siku hiyo hiyo. Mwisho Jumapili! Sheria ni za nyumba hii. Vigezo na masharti kuzingatiwa.

Mjomba alisoma mara moja. Akafungua friji, akafunga, akasoma tena.

"Kete nne nzima?"

"Nne," nikasema. "Ofa haitarudiwa."

"Mbona nyingi hivyo?"

"Wametaka kukuheshimu, wewe ni mteja wa siku nyingi."

Akatembea mpaka sebuleni, akarudi. Niliona jasho. Tangu utotoni hajawahi kumfunga mama yake drafti, lakini kete nane dhidi ya kumi na mbili, mtu aliyekwenda shule anaweza kushawishika. Jumapili mchana akavuta kiti, akakunja mikono ya shati. "Haya. Lete ubao."

Kabla sijaendelea, ile sheria ya nyumba yetu. Bibi aliitoa kwenye chumba cha swichibodi na hakuna anayeigusa. Ukiwa na nafasi ya kula kete ya mwenzako halafu usile, kwa kupitiwa au kwa ujanja, ile kete yako iliyokataa kula inaondolewa. Mpinzani anaiokota, anaiweka kiganjani, anaipuliza, fuu! Kisha anacheza zamu yake kama kawaida.

Wakaanza. Mjomba hucheza drafti kama anavyoishi. Kete za mstari wa nyuma kabisa, wa nyumbani kwake, hazisogei. Amezipanga pale ukuta mtupu, ili mtu asipenye mpaka mstari huo, akavalishwa kete ya pili juu, akawa kingi, maana kingi akishaingia anatembea ubao mzima akila apendavyo.

"Hao wako wa nyuma wako likizo?" Bibi akauliza.

"Wanalinda."

"Wanalinda nini, nyumba yenyewe haina mtu."

"Mama, cheza."

"Nacheza, baba. Nasalimia walinzi tu."

Mwanzo ulikuwa mbaya kwetu, sitadanganya. Uchache ni uchache. Bibi alikula mbili, akaliwa tatu. Mjomba akaanza kupiga mluzi. Mimi nilikuwa nimekalia mikono yangu mwenyewe ili isiguse ubao.

Halafu Bibi akasogeza kete moja, taratibu, akaipachika mbele ya pua ya mlinzi wa kona. Ipo ipo tu, nyuma yake pako wazi. Ya kuliwa.

Mjomba akaacha mluzi. Akatazama. Akila, mlinzi wake anatoka nyumbani na ukuta unabaki na tundu. Nikamwona anapiga hesabu, midomo ikitikisika, vile vile kama anavyofanya akiwa na ile simu yake. Dakika zikapita. Jirani angekuwepo angeuliza tena mazishi.

"Sili," akasema mwishowe, na akasogeza kete nyingine kabisa, mbali. "Nipulize. Napoteza moja, lakini sitoki nyumbani kwangu."

Bibi akamtazama mwanawe kwa huruma kubwa. Akanyoosha mkono, akamwokota yule mlinzi wa kona, akamweka kiganjani.

Fuu.

Kisha akaichukua kete yake iliyokataliwa na kuiingiza palepale mlinzi alipokuwa amesimama, kwenye mstari wa nyumbani wa Mjomba. Pakavu. Pametulia.

"Kingi," akasema. "Nivalishe."

Mlinzi ambaye Mjomba alimficha asitumike ndiye aliyekuwa mlango, na sasa hayupo, na mlango uko wazi. Kilichofuata hakikuwa drafti, kilikuwa mavuno. Kingi wa Bibi alizila kete za katikati moja baada ya nyingine, walinzi bado wamesimama kwenye mstari wao kama wanasubiri amri, mpaka wakalazimika kutoka nao wakaliwa. Nilipiga kelele mpaka sufuria za jikoni zikaitika.

Mjomba akamwokota yule mlinzi aliyepulizwa, akamgeuza geuza.

"Kumbe hata nisipoitoa inakwenda," akasema, kama anajisemea.

"Lete simu," Bibi akamjibu. "Falsafa baadaye."

Akaileta. Pasi ya kusafiria ya Bibi ilikuwepo tayari. Mjomba alimtolea zamani kwa ajili ya lile daraja la kwanza, na akaihuisha mara mbili bila kupigwa muhuri hata mmoja. Yangu niliitoa kwa tamaa tu. Viti viwili vya nyuma, mimi na Bibi, kwenda na kurudi. Kikabaki kitufe kimoja kilichoandikwa "Thibitisha". Kidole cha Mjomba kikasimama juu yake kama cha mtu anayetaka kugusa pasi ya moto. Jasho likadondokea kwenye kioo.

"Mjomba, nikubonyezee?"

"Niache!"

Akavuta pumzi. Akasogeza simu karibu na mdomo, akaipuliza, fuu, kisha akabonyeza kwa nguvu ya mtu anayefunga lifti ya ghorofa ishirini.

Ile tarakimu ndefu ikaporomoka. Tulitegemea azimie. Badala yake akakunja uso, akafungua programu ya pili, ile ya hoteli.

"Bweni la shule?" akasema. "Mama yangu akalale kitanda cha kupandia ngazi? Hapana." Akapuliza tena, akabonyeza tena. Na safari hii, naapa, alicheka.

Viti vyetu vilikuwa vya mwisho kabisa, ubavuni mwa choo. Nilianza kumwomba Bibi radhi kwa niaba ya ukoo. Akaninyamazisha. "Mke mwenzangu, huoni? Kila mtu lazima apite hapa." Na kweli walipita, na kila aliyesubiri mlango ufunguliwe alisalimiwa, akaulizwa anakotoka na anaenda kwa nani. Tulipotua, Bibi alikuwa amewaunganisha watu wawili waliokuwa wanakwenda mtaa mmoja wapande teksi moja, na mhudumu wa ndege alikuwa ameshamweleza habari zote za mchumba wake. Watu wa daraja la kwanza walishuka bila kumjua yeyote. Maskini.

Ukumbi wa mashindano ulijaa meza, mikongojo na miwani. Bibi alikuwa akimtafuta mwanamke mkubwa, kwa sababu ile sauti haiwezi kukaa kwenye mwili mdogo. Akawa anawatazama wanene wote mmoja mmoja. Ndipo nyuma yetu, karibu na kiwiko changu, tarumbeta ikalia.

"Halo?"

Tukageuka. Alikuwa kibibi kidogo kama mwanafunzi wa darasa la tatu, amevaa koti la kijani, ubao wa drafti kwapani.

"Halo," Bibi akajibu kwa ile sauti yake ya kazini ambayo mimi sikuwahi kuisikia. "Nakusikia vizuri."

Nikadhani watakumbatiana. Nikatoa simu nipige picha. Wapi! Laini Tisa alifungua ubao kwenye meza ya karibu, akamwaga vifuniko vya soda, na mikono yao minne ikaanza kupanga. Hakuna aliyeuliza hii ilikuwa wapi. Huyu anaweka hapa, yule anaweka pale, mpaka mchezo uliokatwa kabla sijazaliwa ukasimama mbele yetu mzima, kama umetoka kwenye friji. Kete za Bibi zilikuwa chache. Za Laini Tisa nyingi, na kingi mmoja juu yake.

"Zamu yako," akasema Laini Tisa. "Umechelewa kidogo."

"Foleni," Bibi akasema.

Watu wakaanza kusogea. Bibi akapandisha miwani, akaweka kidole juu ya kete, akaisukuma mdomoni mwa adui. Mzee mmoja nyuma yangu akaguna.

"Kula," Bibi akasema.

"Nisipokula?"

"Kwetu tunapuliza."

"Hata kwetu," Laini Tisa akacheka, akala. Bibi akasukuma nyingine. "Kula tena, dada, usione haya." Laini Tisa akala tena, lakini safari hii mkono ulikwenda polepole. Bibi alibakiwa na kete mbili tu. Nilitaka kufumba macho.

Akaishika moja ya zile mbili. Ta. Ta. Ta! Aliruka tatu mfululizo, kingi akiwemo, akatua mstari wa mwisho kwa mlio uliosikika mpaka mlangoni.

"Nivalishe," akasema.

Ukumbi ulilipuka. Wastaafu wale, naapa, walipiga mikongojo sakafuni. Laini Tisa aliutazama ubao, akaona kete zake zilizobaki hazina pa kupita, akamtazama Bibi.

"Miaka yote hii nilikuwa naliona hilo," akasema. "Nikawa naomba wewe usilione."

"Nililiona asubuhi ile ile."

Sasa ndipo walipokumbatiana, na picha yangu ikatoka mgongo mtupu wa koti la kijani.

Mashindano yenyewe? Bibi alitolewa nusu fainali na daktari wa meno mstaafu, aliyeng'oa kete zake bila ganzi. Kombe akachukua Laini Tisa. Alipopewa nafasi ya kusema, akalinyanyua juu kadiri mikono yake mifupi ilivyofika, akatangaza, "Mimi ndiye bingwa, na aliyenifunga asubuhi ya leo yuko pale, simama wakuone!" Bibi akasimama. Walimpigia makofi yeye kuliko kombe.

Jioni, hotelini, Bibi alijirusha kwenye kitanda ambacho ungeweza kuegesha gari juu yake, akampigia Mjomba.

"Halo. Una simu kutoka nje. Zungumza."

"Mama! Ilikuwaje?"

"Nimekula tatu."

Tulisikia kishindo, halafu kelele za watu wengi. Mjomba alikuwa kazini, na mafundi wenzake wote waliijua habari. Shimo zima la lifti lilikuwa likishangilia.

"Na kiti, Mama? Hakikukubana?"

"Kiti kilikuwa cha kukalia. Sasa sikiliza, mwenzangu anataka kulipiza kisasi. Anataka kuja kwetu."

Nikamwona kwa akili yangu anafungua programu, anapangusa kioo.

"Zilizobaki hazitoshi hata kumvusha barabara," akasema. "Ila wiki ijayo naruka mara mbili. Na mwezi ujao mara tatu. Zikifika tu za kiti cha nyuma, nakata."

"Na daraja la kwanza?" nikamchokoza.

"Nasikia huko hakuna habari za watu," akasema.

Tuliporudi nyumbani tulikuta mlango wa bafuni umefungwa, maji yanamwagika, mtu anaimba kwa sauti isiyokuwa na breki. Korido nzima ilinukia maua. Nikachungulia droo ya kwanza ya sabuni. Tupu. Ya pili ilikuwa imeanza kuliwa.

Bibi akaweka begi chini, akagonga mlango wa bafuni.

"Nani huyo humo ndani ananukia hivyo?"

"Mwenye nyumba!" Mjomba akajibu, na akaendelea kuimba.